Ugonjwa Niliowatungia Wanajumuiya

Parokiani kwetu wanasema mimi ndiye niliyesoma somo fupi kuliko yote yaliyowahi kusomwa Songea. Nilipanda mimbarini kwenye Misa ya pili, nikafungua kitabu, nikasema, "Somo katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi." Nikanyamaza kidogo. Halafu nikasema, "Neno la Bwana." Kanisa zima likajibu, "Tumshukuru Mungu," na kwaya, ambayo siku zote huchelewa, siku hiyo ikawahi, ikadaka Aleluya. Nikashuka zangu.

Baada ya Misa mzee mmoja alinifuata mpaka getini kunipongeza. Alisema wasomaji wa siku hizi wanarefusha mno.

Mimi sikucheka. Pale juu nilikuwa nakufa, na nikisema nakufa siongezi chumvi. Nimesoma masomo kanisani tangu nikiwa kidato cha pili. Sauti ninayo, muulize mume wangu. Lakini nilipofungua kile kitabu maandishi yalianza kucheza, moyo ukapiga mpaka nikausikia masikioni, vidole vikafa ganzi, na kitu ndani yangu kikaniambia wazi kabisa kwamba sasa unaanguka, mbele ya watu wote hawa, na pindo la gauni lako limefumuka. Mimi ni fundi cherehani. Lile la pindo liliniuma kuliko kufa kwenyewe.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa imenipata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ikanipata sokoni nikichagua dagaa wa Nyasa, ikanipata nikiwa nimekaa kwenye cherehani changu pale Lizaboni, nashona sare za shule, sina neno na mtu. Ilifika wiki nikashindwa kabisa kuvuka barabara kwenda dukani kununua uzi. Nilifunika cherehani na kanga, nikawaambia wateja umeme unasumbua. Cherehani chenyewe ni cha kukanyaga kwa miguu. Hakuna aliyeuliza, nadhani waliniona nimechoka.

Aliyejua ni mume wangu peke yake. Yeye ni seremala, kibanda chake kimepakana na changu, na ni mtu mpole mpaka anaudhi. Alikuwa akisikia cherehani kimenyamaza ghafla, anaacha randa, anakuja kukaa karibu yangu kimya mpaka moyo utulie, halafu anarudi kwenye mbao zake. Hakuwahi kuniambia nina mambo ya ajabu. Alisema tu twende hospitali, nami nikasema hospitali ya nini, mimi nitasali.

Na nilisali kwelikweli. Nilisali novena moja baada ya nyingine, nikafunga Ijumaa ambazo hata Kwaresima haijafika. Kila hali ile iliporudi nilijiambia imani yangu ina tundu mahali. Ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu, mjane, mkavu wa maneno, na kila Jumamosi alfajiri tunaposhirikishana Neno nyumbani kwa mmoja wetu, yeye ndiye hufunga mjadala. Alikuwa na msemo wake: mwenye wasiwasi amemnyang'anya Mungu kazi. Alipousema watu waliitikia kwa vichwa, nami niliitikia kuliko wote, jasho likinitiririka mgongoni. Nilijionea aibu kubwa. Nilianza kuamini Mungu amenichoka.

Baada ya kioja cha somo fupi mume wangu hakuniuliza tena. Jumatatu asubuhi aliwasha pikipiki, akanipa kofia ngumu, akasema panda. Hospitali walinipima presha, wakanipima sukari, wakanibandika vitu vya baridi kifuani wakasoma mapigo kwenye karatasi. Daktari akaitazama ile karatasi akasema moyo wangu ni mzima, angependa na yeye awe nao kama huo. Halafu akaniambia Alhamisi nije chumba cha mwisho kule nyuma, kliniki ya afya ya akili.

Hapo nilimwakia. Nilimwambia mimi nimeleta moyo, sijaleta kichwa. Nilimwambia ninashona kanzu za watumishi wa altare, vipimo vyote vipo kichwani mwangu, sijawahi kukosea hata inchi. Nilimwambia kama ananiona naokota makopo barabarani aseme. Daktari alikuwa anaandika tu. Mume wangu alikuwa amegeukia ukutani, anasoma tangazo la malaria kama vile kesho ana mtihani wake.

Alhamisi nilikwenda, lakini nilikwenda kwa hasira, kumwonyesha daktari kwamba amekosea. Katika chumba kile cha mwisho nilimkuta muuguzi wa kiume, kijana wa Tunduru, Muislamu, ana sauti ya taratibu. Hakuniuliza kama nasikia sauti. Aliniuliza ninashona nini. Nikaanza na sare, nikaenda kwenye kanzu, nikafika kwenye foleni ya mashine, na nilipokuja kustuka nilikuwa nimeshaeleza yote mpaka pindo la gauni, na kitambaa changu kimelowa machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia ugonjwa huu upo, watu wengi wanao, na una matibabu. Alisema mwili wangu umekuwa kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Hatumuui mbwa, tunamfundisha.

Alinifundisha kupumua. Unaona, mimi nina miaka arobaini na moja, nilidhani kupumua najua. Kumbe kuna kuvuta polepole, kushikilia, kutoa polepole zaidi, na kuhesabu. Nikamwambia kuhesabu kutanishinda, nikianza kuogopa namba zote zinakimbia. Akaona rozari mkononi mwangu. Akasema basi hesabu kwa hiyo, punje moja pumzi moja. Muislamu wa Tunduru ndiye aliyenifundisha kusali rozari bila haraka. Siku ile nilipotoka mle ndani nilikuwa mwepesi, nikamnunulia mume wangu mahindi ya kuchoma mawili badala ya moja.

Alinionya jambo moja, na alilisema akinitazama usoni.

"Mama, dua yako usiiache, na Alhamisi usiiache. Watu wanapata nafuu kidogo wanatoroka. Ukikatisha njiani unarudi ulikotoka."

Nilikotoka nilikujua. Ni kule kwa cherehani kilichofunikwa kanga. Nikamwahidi nitakuja Alhamisi zote atakazonipangia.

Kuahidi ni rahisi. Songea ni mji, lakini ni mji ambao ukinunua ndala mpya asubuhi, jioni unaulizwa zinauzwaje. Nilipitia njia ya nyuma, nikajitanda kanga mpaka nikabaki macho, nikaaga kwamba naenda kutafuta vifungo. Alhamisi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu natoka getini, nimevuta kanga yangu vizuri, nikasikia naitwa. Mama Mwenyekiti alikuwa anaingia kumwona mgonjwa wa jumuiya. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na kitu anakutambua kwa kisigino.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza ninaumwa nini. Ningeweza kusema kichwa. Ningeweza kusema tumbo, akina mama tuna matumbo ya kila namna na hakuna anayedadisi. Badala yake nikafungua mdomo nikasema, "Daktari kasema moyo umetanuka."

Sijui ulikotoka ule moyo. Labda nilimwonea wivu jirani wa dada yangu, ambaye alikuwa na moyo uliotanuka na kila mtu alimheshimu. Mama Mwenyekiti alishika kifua chake. Akanishika mkono, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha bajaji mwenyewe, akamwambia dereva aendeshe taratibu kwa sababu amebeba mgonjwa.

Kama hujawahi kuwa mgonjwa katika jumuiya ya Wakatoliki wa Songea, hujui kuuguzwa. Kesho yake asubuhi walikuja na unga, sukari na sabuni, na kuku mwekundu amefungwa miguu. Waliimba, wakasali, wakaingia jikoni. Mmoja alikuwa amesikia kwamba mgonjwa wa moyo hali chumvi, basi chumvi yangu yote ikachukuliwa, na kila chakula kilicholetwa nyumbani kwangu tangu siku hiyo kilikuwa hakina ladha yoyote. Wakapanga zamu za kunichotea maji. Nikinyanyua ndoo, kuna mtu anapiga kelele kutoka uani. Wakaamua kukanyaga cherehani kunaumiza moyo, wakamwagiza mume wangu akifiche. Mume wangu akakiweka nyuma ya mbao zake, na jioni, walipoondoka, alinifungulia mlango wa kibanda nikashona mafichoni kama mtu anayepika gongo.

Nilimwambia nataka kusema ukweli. Akasema sema. Nikasema naogopa. Akafikiri kidogo, akasema basi ngoja kwanza wapalilie, kwa sababu alikuwa amesikia wamepanga kupalilia shamba letu la mahindi lililo njia ya kwenda Namtumbo. Nilimrushia kiatu. Lakini walikwenda kweli, watu kumi na nne na majembe yao, wakapalilia shamba zima kwa siku moja, huku mahindi yao wenyewe yakiwa majani matupu. Walirudi wakapita kunipa pole, matope mpaka magotini. Nilikaa kitini nimefunikwa shuka nikapokea pole za watu ambao ndio waliostahili pole. Usinione nacheka sasa. Siku ile nilikosa hamu ya kula, na safari hii haikuwa chumvi.

Na kliniki nikaanza kuiogopa. Kila zamu ya maji ilikuwa jicho. Alhamisi ya nne nilikuwa na watu wawili nyumbani wanaonipikia uji, nikashindwa kutoka. Nikajiambia nimeruka moja tu. Ijumaa vidole vilikufa ganzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Jumamosi ikawa zamu ya jumuiya kusali kwangu. Walikuja wengi kuliko kawaida, na nyuma yao nikaona gari la parokia. Mama Mwenyekiti, bila kumwambia mtu, alikuwa amekwenda kumwomba padri aje kunipa Mpako wa Wagonjwa. Padri wetu ni kijana, amekuja parokiani mwaka juzi, kichwani hana hata mvi moja. Alivaa stola, akaweka chupa ya mafuta mezani juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, akawaomba watu watoke nje kwanza nipate kuungama.

Tulibaki wawili. Nje nawasikia wanaimba wimbo wa kumwombea anayekaribia safari yake. Nikapiga magoti, ingawa padri alinizuia kwa sababu ya moyo, na nikasema yote. Nilisema moyo haujatanuka. Nilisema Alhamisi ninaenda wapi na kwa nini. Nilisema nimelimiwa, nimepikiwa, nimekula kuku wa watu, mzima wa mwili kama ng'ombe. Padri aliinamisha kichwa na kujifunika uso kwa kiganja. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anajizuia. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Alipopata sauti aliniuliza kama Alhamisi zinanisaidia. Nikamwambia zinanisaidia sana. Akaniuliza basi kwa nini niliruka, nikamwambia naogopa kuonekana sina imani. Hapo hakucheka tena.

"Mama, ukivunjika mguu ukaenda kufungwa, utaniungamia mguu? Kutibiwa siyo dhambi. Dhambi yako ni ule moyo uliotanuka, na huo umewachosha watu wangu."

Aliniambia ninachoumwa ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na mafuta yale hayakuwekwa kwa ajili ya wanaokufa tu, kwa hiyo atanipaka, na atanipaka kwa ugonjwa nilio nao. Nilingojea kitubio cha sala, nikijua nitapewa rozari za mwezi mzima. Akasema sipewi sala hata moja. Kitubio changu ni kuwaambia wenyewe, leo, kabla hawajaondoka. Yeye mdomo wake umefungwa, alisema, hata wamnyonge hatasema, kwa hiyo nisitegemee msaada.

Akafungua mlango. Wakaingia wakiimba, wakajaa mpaka kwenye madirisha. Nilipakwa kwenye paji la uso na kwenye viganja, na nilihisi kwamba, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mimbarini, sijifichi mbele ya Mungu. Bado mbele ya watu. Padri akasema mgonjwa ana neno. Nikasimama. Moyo ukaanza zile mbio zake, nami nikashika rozari, punje moja pumzi moja, punje ya pili, watu wakidhani nasali, na kweli nilikuwa nasali. Nikawaambia.

Niliwaambia moyo ni mzima, kinachonisumbua ni hofu, inanijia ikinikaba, na ninatibiwa kliniki ya afya ya akili chumba cha mwisho. Niliwaambia niliona aibu nikadanganya. Niliwaomba msamaha kwa palizi, kwa maji, kwa kuku. Nje mbuzi wa jirani akalia. Halafu mama mmoja, aliyepalilia mistari mingi kuliko wote, akauliza kwa upole kama sasa anaweza kunirudishia chumvi, maana alichukua ya kwangu akachanganya na ya kwake na hajui kipimo. Watu wakacheka. Mwingine akasema basi mwakani ni zamu yangu kuwapalilia wote. Nikasema sawa. Nikaanza kuvuta pumzi.

Mama Mwenyekiti ndiye hakucheka. Alisimama pale karibu na meza, uso umekauka kama ubao. Alichukua mkoba wake, akamuaga padri, akatoka bila kunitazama.

Basi furaha yote ikaniishia miguuni. Jumapili kanisani alikaa mbele kabisa. Jumatatu hakupita. Jumanne na Jumatano, hivyohivyo. Nilijua ananiona nimemnyang'anya Mungu kazi, tena nikaongeza na uongo. Jumatano jioni nilimwambia mume wangu kesho siendi, kwamba nimeshasema, watu wameshajua, yatosha, nitajipumulia mwenyewe nyumbani. Yeye alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Alisema cherehani leo kimenyamaza mara tatu, amehesabu. Nikamwambia ahesabu misumari yake.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani napepeta mchele, nimevaa kanga ya nyumbani makusudi ili nisiwe na nguo ya kutokea. Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Mwenyekiti, amevaa kitenge cha sherehe, kile cha sikukuu ya mtakatifu wa jumuiya nilichomshonea mwenyewe, ana mwavuli na mkoba. Nikamwamkia, akaitikia. Hakukaa.

"Jumuiya ina utaratibu," alisema. "Mgonjwa akienda hospitali anasindikizwa. Kavae."

Sikubishana. Ukifundishwa na wa aina yake hubishani hata ukizeeka. Nilivaa, tukaongozana, na mimi nilipotaka kukatia njia ya nyuma yeye akashika barabara kubwa. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Shikamoo mwalimu upande huu, shikamoo mwalimu upande ule, wapi asubuhi yote hii mwalimu? Naye kila mara anajibu kwa sauti ya paredi kwamba tunaenda hospitali, kliniki. Mimi nafuata nyuma, uso wazi, kanga begani, natamani ardhi inimeze. Haikunimeza. Tulipofika nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimekufa ganzi hata kidole kimoja, nilikuwa na kazi ya kuona aibu tu.

Kwenye benchi la nje ya chumba cha mwisho tulikaa bega kwa bega. Alinyoosha mgongo, mkoba mapajani, akatazama mbele. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akaniambia nisubiri. Nikadhani bado ana hasira. Nilianza kupanga maneno kichwani, jinsi nitakavyomweleza kwamba imani ninayo, kwamba sijamwacha Mungu, kwamba nahitaji tu hizi Alhamisi. Niliyapanga vizuri sana, na sikuyatumia.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi wa Tunduru akatoka na daftari, akaniona, akatabasamu kwa sababu nimerudi. Akamwona na mama aliye pembeni yangu, akamwamkia kwa heshima, kisha akauliza mgonjwa ni yupi na msindikizaji ni yupi, maana ndani anaingia mgonjwa peke yake. Nikainua mkono. Ndipo nikaona muuguzi hanitazami mimi. Nikageuka. Mama Mwenyekiti naye alikuwa ameinua mkono wake.

"Mimi tangu mzee wangu afariki huu mwaka wa sita silali," alisema. "Anza na huyu, mimi nitasubiri."